HATI ZIMPASAZO MSAFIRI AENDAYE NCHI JIRANI

Watu wengi wa Meru na Embu husafiri kwenda Uganda, Ruanda na Tanzania, wengine kuwatazama jamaa zao, wengine kutafuta soko. Wako wanaorudishwa mpakani kwa kukosa hati, nao wamekwisha kutumia fedha nyingi kwa nauli. Kwa hiyo twaeleza hapa mambo ambayo yafaa kila msafiri ayajue kabla ya kufunga mzigo wake.

Wazee wakumbuka kwamba wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kwisha Januari 1960, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji kibali hata kwenda Nairobi. Mambo yamebadilika sana. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya mwenye kitambulisho cha taifa aweza kuingia Uganda na Ruanda kwa kitambulisho hicho, bila pasipoti wala viza. Lakini achukue kitambulisho chenyewe, si nakala yake.

Tanzania haimo katika mapatano hayo. Aendaye huko kwa njia ya Namanga au Taveta hatakiwi viza, lakini hana budi kuwa na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Maombi ya pasipoti hupelekwa kwa mtandao wa serikali uitwao eCitizen, kisha mwombaji huenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Afisi ya uhamiaji iliyo karibu ni ile ya mjini Embu. Ikiwa kijana wako ndiye akuandikiaye maombi, hakikisha kwamba jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo katika kitambulisho na cheti cha kuzaliwa.

Jambo la pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo, na kwa sababu hiyo msafiri atokaye kwetu huulizwa cheti. Chanjo hupigwa siku kumi au zaidi kabla ya safari, kwa kuwa mwili huhitaji muda huo kupata kinga. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za mataifa yote, cheti cha chanjo moja hutumika maisha yote.

Tatu, pita mahali penye maafisa na upate idhini yao. Apitaye njia za panya amevunja sheria, hata kama hati zake zote ni halali. Tazama pia siku ulizopewa, uondoke kabla hazijakwisha.

Nne, ruhusa ya kuzuru si ruhusa ya kazi. Atakaye kuajiriwa lazima apate kibali kingine. Wafanya biashara nao waangalie: mwezi Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wageni biashara kadha wa kadha, kama vile duka la rejareja, kutengeneza simu, na kununua mazao shambani kwa mkulima.

Mwisho, ndugu zetu wa Igembe na Tigania wasikilize vizuri. Kwetu kitita cha miraa ni heshima, na hupelekwa kwa wazazi wa msichana wakati wa posa. Nchini Tanzania miraa, iitwayo huko mirungi, imehesabiwa na sheria kuwa dawa ya kulevya. Uingereza nayo iliipiga marufuku mwezi Juni 2014. Kitita kilichotiwa mkobani kiwe zawadi kwa rafiki chaweza kumfikisha mwenyewe gerezani, na kusema kwamba hakujua hakutamwokoa.

Msafiri aliye na shaka na aulize kwanza katika afisi ya uhamiaji, hasa akiwa na watoto wasio na kitambulisho. Kuuliza hakuna malipo, bali kurudishwa kutoka Namanga ni hasara ya nauli ya kwenda na ya kurudi.