Kuongoza ndege kupitia mtandao: msaada mkubwa, mlango mpya kwa wadukuzi

Alfajiri ya tarehe 15 Juni 2022, anga yote ya Uswisi ilifungwa. Kwa saa kadhaa ndege hazikuruka wala kutua Geneva na Zurich. Hapakuwa na dhoruba wala vita. Mtandao wa kompyuta wa Skyguide, shirika linaloongoza ndege nchini humo, ulikuwa umepata hitilafu. Saa mbili na nusu asubuhi anga ilifunguliwa tena. Shirika lilisema hapakuwa na dalili ya wadukuzi. Lakini kama hitilafu tu yaweza kusimamisha nchi nzima, mtu mwenye nia mbaya angefanya nini?

Swali hilo lina uzito kwa kuwa Uswisi ni kati ya nchi zilizotangulia kujenga kinachoitwa kituo pepe. Zamani kila kituo cha kuongoza ndege kilitegemea mitambo yake chenyewe. Katika mpango mpya, data za rada, mipango ya safari na sauti za marubani hupita katika mtandao mmoja, na meza za kazi huwa za aina moja. Lengo ni kwamba mwongozaji wa Zurich, akiwa amefunzwa na kupewa ruhusa, aweze kuangalia anga iliyokuwa ya Geneva.

Faida yake inaeleweka kwa anayekumbuka usiku wa tarehe 1 Julai 2002. Ndege mbili ziligongana karibu na mji wa Überlingen, Ujerumani, katika anga iliyokuwa chini ya uangalizi wa Zurich. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto wa shule kutoka Urusi. Mwongozaji alikuwa peke yake akihudumia meza mbili, na laini kuu za simu zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo. Wenzake wa Karlsruhe waliiona hatari kwenye rada yao. Walipiga simu, haikupita.

Vituo vilivyounganishwa vinaweza kusaidiana. Lakini vilivyounganishwa vinaweza pia kuanguka pamoja.

Uingereza ililiona hilo tarehe 28 Agosti 2023. Mpango wa safari ya ndege moja ulikuwa na vituo viwili vya njiani vyenye jina lilelile, kimoja Ufaransa, kingine Marekani. Programu ikachanganyikiwa, ikasimama. Ile ya akiba ilipokea mpango uleule, nayo ikasimama. Ikabidi mipango iingizwe kwa mkono, na idadi ya ndege ikapunguzwa. Wasafiri zaidi ya 700,000 waliathirika. Akiba iliyo nakala ya kwanza ina ugonjwa wa kwanza.

Wadukuzi nao wapo. Mwezi Aprili 2023, tovuti ya Eurocontrol, shirika la Ulaya la usalama wa anga, ilishambuliwa na kundi linaloiunga mkono Urusi. Uongozaji wa ndege haukuguswa. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza mambo matatu: kutenga mitandao, kuhakikisha kila anayeingia ni nani, na kutoweka nguvu zote kwa muuzaji mmoja wa programu.

Huku kwetu mashariki jambo hili si la mbali. Mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba ishara za GPS zilikuwa zikivurugwa na kughushiwa katika Kivu ya Kaskazini. Rubani anayedanganywa na chombo chake, katikati ya milima na mawingu, anahitaji sauti ya kuaminika kutoka ardhini.

Kwa hiyo nchi inayotaka mitambo mipya isiulize bei na kasi peke yake. Iulize pia: siku mtandao utakapokatika, nani atabaki na redio mkononi, na je, amefanya mazoezi ya kutenganisha ndege bila kompyuta?