Ukamilifu na Ukuaji: Maelezo juu ya Mathayo 5:48 kwa Watumishi wa Sharika

Utangulizi

Amri ya Bwana wetu katika Mathayo 5:48, kwamba wanafunzi wake wawe wakamilifu kama Baba yao wa mbinguni, imewaogofya wengi. Wako wanaoisoma kama agizo la kutokuwa na dosari yoyote, na matunda ya usomaji huo twayaona katika sharika zetu. Mkristo asiyetengwa na baraza la wazee hujitenga mwenyewe: wenzake wanapoiendea Meza ya Bwana, yeye hubaki kitini mwaka baada ya mwaka, akingoja siku atakapostahili. Mwinjilisti husita kuhubiri kwa kuwa elimu yake ni ndogo. Mwanafunzi wa theolojia huandika na kufuta insha yake hata muda wa kuitoa ukapita. Mchungaji naye huficha uchovu na mashaka yake, kwa kuwa anaaminiwa kuwa kioo cha usharika, na kioo hakitakiwi kuwa na ufa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukamilifu wa namna hiyo si ule anaouagiza Kristo, na kwamba kuuacha si kulegeza utii, bali ni kuufungulia njia ukuaji ambao Mungu mwenyewe huutenda.

Maana ya neno

Neno la Kiyunani lililotumika katika Mathayo 5:48 ni teleios. Asili yake ni telos, yaani mwisho au shabaha. Kitu kilicho teleios ni kile kilichofikia shabaha yake, kama tunda lililoiva. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 waliitambua maana hiyo, kwani neno lilo hilo wamelifasiri “watu wazima” katika 1 Wakorintho 14:20 na Waebrania 5:14. Basi mtu mzima si yule asiyekosea kamwe. Ni yule aliyekua, anayeweza kula chakula kigumu na kubeba wajibu.

Tena tuutazame muktadha. Aya zinazotangulia zasema juu ya kuwapenda adui, na mfano unaotolewa ni jua na mvua ambavyo Baba huwapa waovu na wema pasipo ubaguzi (Mt. 5:43-47). Luka, mahali panapolingana na hapo, anaagiza huruma (Lk. 6:36). Kwa hiyo ukamilifu wa Baba, katika aya hii, ni upendo wake usiokatwa vipande. Lingekuwa jambo la kushangaza kama amri ya kuwahurumia wengine ingegeuzwa kuwa fimbo ya kujichapia wenyewe.

Mtume Paulo atuongoza zaidi. Katika Wafilipi 3:12 akana kwamba amekwisha kuwa mkamilifu. Aya tatu mbele, katika 3:15, ajihesabu pamoja na walio wakamilifu. Je, amejipinga? La. Mkristo aliyekomaa, kwa Paulo, ni yule ajuaye kwamba hajafika, naye hukaza mwendo kwa sababu Kristo amekwisha kumshika. Kushikwa kwatangulia, na mwendo wafuata.

Ushuhuda wa Luther na Maungamo yetu

Martin Luther aliingia katika monasteri ya Waagustino mjini Erfurt mwaka 1505, akapewa upadre mwaka 1507. Alifunga, alikesha, na aliungama kwa muda mrefu akichunguza kila wazo lake. Kila dhambi aliyoiungama ilimkumbusha nyingine aliyoisahau, na kadiri alivyojitahidi kuusafisha moyo, ndivyo alivyozidi kumwogopa Mungu. Johann von Staupitz, mkuu wake katika shirika hilo, alimwelekeza aache kujitazama, ayatazame majeraha ya Kristo. Shauri hilo halikumponya kwa siku moja, lakini lilimgeuza uso kutoka kwake mwenyewe.

Hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 yafundisha kwamba maisha yote ya mwamini ni toba. Mwaka 1521, akizitetea hoja zake zilizohukumiwa na Papa, Luther alieleza kwamba maisha haya si hali ya kuwa tumefika katika haki, bali ni kukua kuielekea. Alifananisha na uponyaji: mgonjwa yuko mikononi mwa tabibu, bado hajapona, lakini anaendelea kupona. Ndiyo maana twafundisha kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati uo huo. Ni mwenye haki kabisa kwa ajili ya Kristo. Ni mwenye dhambi akijiangalia mwenyewe. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 yaufungamanisha ukweli huo na Ubatizo: mtu wa kale huzamishwa kila siku, na mtu mpya huinuka kila siku. Jambo litendekalo kila siku halina cheti cha kuhitimu.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 nalo lakataa, katika kifungu cha 12, fundisho la kwamba wako watu wanaofikia ukamilifu wa kutoweza kutenda dhambi katika maisha haya. Lakini kifungu cha 27 hakiliachi neno “ukamilifu” liende zake. Chasema kwamba ukamilifu wa Kikristo ni kumcha Mungu kwa kweli, kumtumaini kwa ajili ya Kristo, kumwomba msaada, na kuutimiza kwa bidii wito wa mtu. Huo ni ukamilifu wa mkulima na wa mama wa nyumbani sawasawa na wa mchungaji.

Tunalojifunza katika historia yetu

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopata nguvu Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Buhaya na sehemu nyingine za Tanganyika, ulileta zawadi kubwa: watu walithubutu kusema hadharani kwamba wao ni wenye dhambi waliosamehewa. Mchungaji na muumini walisimama pamoja chini ya msalaba. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi moja la walokole wa Uganda waliojiita “walioamshwa tena” walidai masharti makali zaidi ya maisha, na ushirika wa ndugu ukapasuka. Hapo palipoanzia neema pakaingia kipimo, na kipimo kikawatenga watu waliokuwa wakilia pamoja.

Historia ya Ulutheri katika Iramba yatufundisha jambo jingine. Kazi iliyoanzishwa na Misioni ya Leipzig ilikatizwa na Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 Misioni ya Augustana ya Marekani ikaichukua. Baadaye wenyeji walipokea uongozi, na mwaka 1963 KKKT ikaundwa kwa muungano wa makanisa saba. Waliopanda hawakumaliza, na waliomwagilia hawakuanza. Mungu ndiye aliyekuza (1 Kor. 3:6-7).

Katika mazingira kama ya Iguguno

Tuichukue Iguguno, wilayani Mkalama, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Ni nchi ya mvua chache za msimu mmoja, na wakulima wa upande huo hutegemea alizeti, mtama na uwele. Mkulima hapandi baada ya kuhakikishiwa mvua yote. Hupanda, na mbegu zisipoota mahali fulani, hurudi kuyajaza mapengo. Hang’oi shamba zima kwa sababu ya mapengo hayo. Mtumishi wa Mungu katika sehemu kama hiyo ana mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, kuhusu mahubiri. Ayaandae kwa bidii, kisha ayaachilie. Kifungu cha 8 cha Ungamo la Augsburg chatufundisha kwamba Neno na Sakramenti hupata nguvu kutokana na agizo la Kristo, si kutokana na ubora wa mtumishi.

Pili, kuhusu Meza ya Bwana. Anayebaki kitini kwa kujiona hafai atembelewe, afundishwe tena maneno ya Katekisimo: anayestahili ni yule anayeamini kwamba mwili na damu ya Kristo vilitolewa kwa ajili yake. Meza hii ni chakula cha wasafiri. Kungoja kupona ndipo mtu aende kwa tabibu ni kukosa maana ya tabibu.

Tatu, kuhusu nidhamu. Baraza la wazee halikuwekwa litafute wasio na doa, bali limrudishe ndugu kundini. Penye dhambi ya wazi, toba idaiwe waziwazi. Lakini mlevi aliyeacha pombe kwa miezi mitatu kisha akaanguka si sawa na yule asiyetaka kuacha. Wahenga walinena: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Wa kwanza anahitaji mkono, wa pili anahitaji onyo.

Nne, kuhusu mchungaji mwenyewe. Anayewaondolea wengine dhambi bila yeye kuungama kwa mtu yeyote atachoka upesi. Wachungaji wa jirani wachaguane wawili wawili, wakutane kwa siri na kwa utaratibu, kila mmoja aungame na kusikia neno la ondoleo likinenwa juu yake kwa jina lake.

Pingamizi na jibu

Yawezekana mtu akauliza: je, mafundisho haya hayatawazalisha watumishi wazembe? Paulo aliulizwa vivyo hivyo, naye akajibu kwa kuwakumbusha watu Ubatizo wao (Rum. 6:1-4). Mzembe na mwenye kutafuta kutokuwa na dosari wanafanana kuliko wanavyodhani. Wote wawili hawakui: mmoja hataki kuondoka alipo, na mwingine anaogopa kuondoka asije akakosea. Neema huwaondoa wote wawili. Humwamuru mzembe aondoke, na humruhusu mwoga ajikwae njiani.

Hitimisho

Tunapomtayarisha mwanafunzi kwa utumishi, tusimpe mzigo ambao sisi wenyewe wala baba zetu hatukuweza kuuchukua (Mdo 15:10). Tumfundishe kusahihishwa bila kuvunjika moyo, kuomba radhi mbele ya usharika pale inapompasa, na kuanza tena kesho yake asubuhi kwa ishara ya msalaba na sala, kama Katekisimo inavyoagiza. Na yule muumini aliyebaki kitini Jumapili iliyopita, mchungaji amwendee wiki hii, kabla Meza haijaandaliwa tena.