Kiu isiyokatika: Usiipuuze

Je, msomaji, wewe huamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo? Na mchana, je, hunywa maji gilasi baada ya gilasi lakini kiu ikabaki pale pale? Wakazi wengi wa mijini wana majibu tayari. Watasema ni joto, ni kazi nyingi au ni bia ya jioni. Huenda wakawa wanasema kweli. Lakini ikiwa hali hiyo imeendelea kwa siku nyingi, yafaa ufikirie ugonjwa wa kisukari, ambao ishara zake huanza polepole kiasi kwamba mtu huzizoea.

Vyakula vya wanga kama vile ugali, wali, chapati na viazi hugeuzwa mwilini kuwa sukari, nayo huingia katika damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, hutoa homoni iitwayo insulini. Kazi yake ni kuiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia kwenye seli ili ituletee nguvu. Iwapo insulini ni haba, au mwili hauitikii ipasavyo, sukari hurundikana katika damu.

Ikizidi takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuizuia yote, na nyingine hutoka na mkojo. Sukari hiyo huvuta maji. Kwa hivyo mkojo huwa mwingi, mwili hukauka na kiu hukushika. Ndiyo sababu wazee waliona sisimizi wakikusanyika mahali mgonjwa alipokojoa. Anayejaribu kukata kiu hiyo kwa soda huongeza sukari juu ya sukari.

Ishara nyingine ni uchovu usioisha hata baada ya kulala, kukonda ilhali unakula vizuri, majipu ya mara kwa mara, mwasho sehemu za siri, vidonda visivyopona upesi, na ganzi au hisia ya kuchomwachomwa nyayoni. Macho nayo huweza kuona ukungu. Wengine hukimbilia kununua miwani, kumbe lenzi ya jicho imebadilika umbo kwa sababu ya sukari. Sukari ikishuka, miwani hiyo haitawafaa tena.

Wengine hudhani uchovu huo ni malaria, wakanunua tembe dukani bila kupimwa. Kwa mtoto, kosa hilo laweza kuua. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayekunywa maji mno na kukonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Akianza kutapika, kupumua kwa nguvu au kusinzia ovyo, mkimbize hospitalini bila kungoja asubuhi.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Tone moja la damu kidoleni latosha kuanzia, kisha majibu huthibitishwa katika maabara. Kwa mtu ambaye hajala kwa muda wa saa 8 au zaidi, sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi huonyesha kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Ikiwa huna ishara zozote, kipimo kimoja hakitoshi. Hurudiwa siku nyingine kabla ya kukata shauri.

Onyo hilo ni nafasi njema. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2002 uliwahusu watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Walioelekezwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Dakika 150 ni sawa na kutembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki. Ukishuka matatu kabla ya kituo chako na kumalizia safari kwa miguu, umekwisha kuanza.

Hata hivyo, kisukari cha watu wazima chaweza kukaa miaka kadhaa bila ishara yoyote, huku kikiharibu macho, figo, moyo na neva za miguu. Kwa hiyo usingoje kiu ikiwa umetimiza miaka 40, umenenepa kiunoni, una mzazi au ndugu mwenye kisukari, una shinikizo la damu, au uliwahi kupata kisukari ukiwa mjamzito. Omba upimwe.

Ukigunduliwa mapema, chakula bora, mazoezi na dawa vinaweza kukuwezesha kuishi miaka mingi ukiwa na macho yako na miguu yako. Basi usiku wa leo ukiamka mara ya tatu, usilaumu joto tu. Kesho nenda ukapimwe.