Mtambo na Mtumiaji Wake: Mfano wa Fedha za Simu

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika wilayani Temeke hadi Mwananyamala na Tegeta wilayani Kinondoni, ni nadra kupita mtaa usio na kibanda cha wakala wa fedha za simu. Mwenye duka hupokea malipo, humlipa muuzaji wa jumla na hununua umeme kwa simu ya mkononi. Msomaji aweza kudhani kwamba jambo hili limewezekana kwa nguvu ya mitambo peke yake. La hasha. Mtambo ulio imara waweza kumshinda mtumiaji, na ukimshinda, biashara inayoutegemea hupata hasara.

Huduma ya M-Pesa ilipoanza kujaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji kulipa marejesho ya mikopo midogo. Lakini watu waliopewa simu walizitumia kwa haja zao wenyewe, hasa kutumiana fedha. Waundaji wake waliyaona hayo, wakaipunguza huduma ikawa nyepesi, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama njia ya kutuma fedha. Mwaka 2008 Vodacom iliianzisha Tanzania.

Hapa kwetu huduma hiyo hufunguliwa kwa kubonyeza nyota, 150, nyota, 00, kisha reli. Papo hapo simu huunganishwa na mtambo wa kampuni, nao hurudisha orodha ya kuchagua. Simu yoyote huiweza njia hii, hata ya vitufe isiyo na intaneti. Hata hivyo, ujumbe mmoja hauwezi kuzidi herufi 182, nafasi zikihesabiwa. Maneno “Weka namba ya siri” peke yake hula 18, yaani takribani sehemu moja ya kumi. Tena, mtumiaji akichelewa kujibu, mawasiliano hukatika na hana budi kuanza upya.

Sasa tumfikirie muuza nafaka mwenye wateja watano mbele yake, jua likimulika kioo cha simu, naye anashuka ngazi ya tano ya orodha. Mawasiliano yanakatika. Akichoshwa na hali hiyo mara kwa mara, humpa simu mtu mwingine amfanyie, na pamoja na simu humtajia namba ya siri. Ulinzi wote uliojengwa na wahandisi umekwisha hapo. Wako wanaosema kwamba mtu huyo ni mzembe. Mwandishi haafiki: orodha ndefu isiyoeleweka ndiyo iliyomfundisha kuitoa siri yake.

Kinyume chake, badiliko dogo laweza kuokoa fedha nyingi. Namba ya simu ina tarakimu kumi, na kuzibadilishana mbili kati yake ni kosa jepesi mno. Jina la mpokeaji likionyeshwa kabla ya mtumaji kuthibitisha, kosa hilo huonekana fedha zikiwa bado mkononi. Jicho halitambui kwa urahisi kwamba 47 imekuwa 74, bali hutambua mara moja kwamba Asha amekuwa Juma.

Sababu yake imo katika kumbukumbu ya binadamu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hushika vitu vipatavyo saba. Uchunguzi wa baadaye umeelekea kwenye vinne tu. Mita ya LUKU, nayo, hudai tarakimu 20.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili darasani. Aandike ubaoni tarakimu 20 zilizoshikamana, na chini yake nyingine 20 zilizogawanywa nnenne. Wanafunzi wainakili kila safu kwa kutazama ubao mara chache iwezekanavyo, kisha wahesabu makosa na muda uliotumika. Jaribio lirudiwe darasa likiwa na kelele, mfano wa zile za barabarani mbele ya duka.