Tumuulize Baharia Hali Yake



Hapa Gatumba tumezungumza na mama mmoja, mchuuzi wa ndagala, aliyesafiri mara nyingi kwa Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa ziwani 1916, ikaopolewa 1924. Anasema daraja la kwanza walilala vitandani, la tatu walikaa kwenye mabenchi. Lakini usiku, penye vijiji visivyo na gati, mitumbwi ilipoizonga meli gizani, wote walitegemea mikono ya baharia yule yule.

"Jina la meli tulilijua," anasema, "la baharia hatukuuliza."

Mwaka 2015 mabaharia wa Liemba waliwavusha wakimbizi Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Basi tukipanda chombo, tuulize: wamelala? Wamelipwa?