Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Turudi nyuma hadi usiku wa tarehe 4 Mei 2022, katika uwanja wa Santiago Bernabéu jijini Madrid. Ilikuwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na dakika ya 90 ilipokaribia, Manchester City walikuwa mbele ya Real Madrid kwa mabao 5 kwa 3, ukijumlisha mechi zote mbili. Viungo watatu waliokuwa uti wa mgongo wa Madrid kwa miaka mingi, yaani Casemiro, Toni Kroos na Luka Modrić, hawakuwamo tena uwanjani. Mkufunzi Carlo Ancelotti alikuwa amekwisha kuwatoa wote.

Rodrygo, aliyeingia mahali pa Kroos, akafunga mabao mawili kwa muda usiotimia dakika mbili. Katika dakika za nyongeza Karim Benzema akaongeza la tatu kwa mkwaju wa penalti. Katikati ya uwanja, aliyekuwa akiusukuma mchezo ni Eduardo Camavinga, kijana wa miaka 19 aliyepewa nafasi ya Modrić. Madrid wakafuzu, na mwisho wa mwezi ule wakalitwaa kombe mjini Paris mbele ya Liverpool.

Wengi huyakumbuka mabao. Lililo kubwa zaidi ni kwamba wazee walikuwa wangali hai kimchezo, wangali na vyeo vyao, na vijana walikwisha kupewa kazi.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Casemiro, Mbrazili, alikuwa mkabaji, mwenye kuyavunja mashambulizi kabla hayajawafikia mabeki. Kroos, Mjerumani, alikuwa mgawaji. Alishuka karibu na mabeki wake upande wa kushoto, akaupokea mpira, akaamua mchezo uende mbio au upoe. Modrić, Mkroatia, alikuwa mfungua njia, mwenye kuupenyeza mpira pale ambapo wengine huona ukuta. Kwa pamoja walitwaa Ligi ya Mabingwa mara nne, katika miaka ya 2016, 2017, 2018 na 2022.

Klabu ile haikungoja waondoke ndipo ianze kutafuta. Federico Valverde aliletwa kutoka Uruguay mwaka 2016, akiwa kijana mdogo, akaanzia kikosi cha pili, kisha akapelekwa kwa mkopo Deportivo La Coruña ili akomae. Camavinga, aliyezaliwa Angola katika kambi ya wakimbizi na wazazi wenye asili ya Kongo, alinunuliwa kutoka Rennes ya Ufaransa mwaka 2021. Mwaka uliofuata akaja Aurélien Tchouaméni kutoka Monaco. Miezi michache baadaye Casemiro akahamia Manchester United, na nyumba haikuanguka. Mwaka 2023 akaongezwa Jude Bellingham kutoka Borussia Dortmund. Msimu wa 2023/24 ukamalizika kwa ubingwa wa Uhispania na wa Ulaya, vijana na wazee wakicheza bega kwa bega.

Hata hivyo, mpango mzuri nao una tundu lake. Mei 2024 Kroos alitangaza kwamba anastaafu, akiwa na umri wa miaka 34, na mechi yake ya mwisho kwa Madrid ikawa fainali waliyoshinda Wembley. Klabu haikununua kiungo yeyote wa kushika mahali pake. Alisajiliwa Kylian Mbappé, mshambuliaji hodari, naye hakuwaangusha, kwani alifunga mabao 31 ya ligi na kuwa mfungaji bora wa Uhispania. Lakini ubingwa ulikwenda Barcelona. Fainali ya Kombe la Mfalme vilevile ilichukuliwa na Barcelona, na huko Ulaya Arsenal waliwatoa katika robo fainali kwa kuwafunga nyumbani na ugenini.

Insafu yatutaka tuseme kwamba majeruhi waliwaelemea. Dani Carvajal na Éder Militão, wote mabeki, waliumia vibaya, hata Tchouaméni na Valverde wakawa wakirudishwa nyuma kuziba mapengo ya ulinzi. Pamoja na hayo, pengo la Kroos lilionekana. Walikuwapo wenye mbio na wenye nguvu. Aliyekosekana ni yule wa kuutuliza mpira na kuutoa nyuma kwa mpango. Kukimbia hununuliwa sokoni. Busara ya kujua lini usikimbie hukaa muda mrefu kabla haijaota mizizi.

Tuwatazame na hao Barcelona, maana nao walionja uchungu huo kabla ya wenzao. Xavi aliondoka mwaka 2015 kwenda Qatar, na Andrés Iniesta akamfuata mlangoni mwaka 2018, akaenda Japani. Waliletwa wachezaji kwa mamilioni ya fedha, na bado Agosti 2020 Bayern Munich iliwafunga mabao 8 kwa 2. Mwaka huo huo aliwasili Pedri kutoka Las Palmas, akiwa na umri wa miaka 17. Alikaa misimu mitatu pamoja na mkongwe Sergio Busquets, hadi Busquets alipoaga mwaka 2023. Msimu ule wa 2024/25 Barcelona waliifunga Madrid mara nne katika mechi nne, na Pedri ndiye aliyeshika usukani wa katikati. Miaka mitatu ya kukaa ubavuni mwa mjuzi haikupotea bure.

Kuna na jambo la subira. Modrić alipowasili Madrid mwaka 2012, kabla mwaka haujaisha wasomaji wa gazeti moja la michezo la huko walimpigia kura kuwa usajili mbaya kuliko wote wa ligi. Laiti klabu ingaliwasikiliza! Mwaka 2018 ndiye aliyetwaa Ballon d'Or, baada ya miaka kumi ambayo tuzo hiyo haikutoka mikononi mwa Messi na Ronaldo. Alipoondoka kwenda AC Milan mwaka 2025, alikuwa ametwaa mataji 28, na hapana mchezaji wa Madrid aliyepata mengi kuliko yeye. Basi tunapomwona kijana akipoteza pasi mbili tukapiga kelele atolewe, tukumbuke kura ile.

Fundi wa jahazi hampi mwanafunzi wake tezo siku anayosafiri. Humpa akiwa amesimama karibu, macho yake yakiutazama ubao, ili kosa lirekebishwe kabla halijawa tundu. Hivyo ndivyo Camavinga alivyopewa nafasi ya Modrić usiku ule wa Mei, mwenyewe Modrić akiwa ubaoni pembeni, hatua chache kutoka kwake. Kila mzazi na kila mwenye dhamana na ajiulize leo: kazi niifanyayo, ni nani aliyekaa ubavuni mwangu akiitazama, na lini mara ya mwisho nilimwachia aifanye?