Kijana Mnene na Kipindi cha Michezo

Mwalimu mpya anayepangiwa skuli ya kisiwa kidogo kama Kisiwa Panza, wilayani Mkoani, huenda akadhani kwamba suala la unene halimhusu, kwani watoto wa huko hutembea kwa miguu, huogelea na hupiga kasia. Hata hivyo, akiwa na mwanafunzi mmoja tu aliyenenepa kupita kiasi, huyo ndiye atakayeacha mazoezi mwanzo, na upesi ataitwa mvivu. Sisi tunaona kuwa kumwita hivyo ni kukimbia kazi ya kumfahamu.

Mwalimu na ajitwike lita 20 za maji, yaani kilo 20 bila ya ndoo yenyewe, kisha azunguke kiwanja pamoja na wenziwe. Mwendo ulio mwepesi kwao utamfanya yeye aheme. Kijana mnene hana pa kuitua ndoo hiyo. Mafuta yaliyo chini ya ngozi huzuia joto lisitoke upesi, na katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu jasho halikauki kwa urahisi. Magoti humwuma, mapaja husuguana hata yakachubuka, jambo ambalo hatalisema kwa kuona haya.

Zito zaidi ni macho ya wenziwe. Akiwa wa mwisho kila siku na kuchekwa, kesho atasema tumbo linamwuma. Kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, haya ya mwili na mavazi huzidi. Tena aliahidiwa kupungua; wiki nne zimepita na mizani haijasogea, kwa kuwa mwili hupungua polepole, naye bado anakua. Ahadi hiyo haifai kutolewa. Aonyeshwe, badala yake, kwamba njia iliyomlazimu kusimama mara tatu sasa aimaliza kwa kusimama mara moja.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 wapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Yeye aanze na 10. Kipimo kiwe pumzi yake: aweze kuzungumza, asiweze kuimba. Kuogelea kunafaa mno, kwa sababu maji huubeba mwili. Ama katika mchezo wa nage, mwalimu agawe vikundi mwenyewe. Wanafunzi wakiachiwa kuchaguana, sote twajua ni nani atakayebaki amesimama peke yake.